Mfuma Masweta na Vitanzi Vilivyokunja Nne

Saa moja na nusu asubuhi soko halijachangamka, lakini sweta la rangi ya damu ya mzee limeshapoteza mkono mmoja. Mama Sweta amelibana kwa magoti, anavuta uzi, na kila safu inayofumuka inaongeza unene wa bonge lililo kiganjani mwake. Uzi unatoka umejikunjakunja, maana umekaa miaka mitatu katika umbo la mtoto wa watu.

"Huyu alikuwa anafutia kamasi mkono wa kulia," anasema bila kuinua macho. "Wa kushoto msafi kabisa. Mtoto mwenye mpangilio."

Kibanda chake ni cha mabati, na chembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Ndani mna mashine moja ya kufumia ya kuendesha kwa mkono, benchi la wateja, beseni la kuloweka uzi, na kamba iliyoanikwa masweta ya shule tofauti tofauti. Jirani wa kulia ni fundi cherehani, mzee mcheshi ambaye hakuna mazungumzo ya kibanda hiki yasiyomhusu. Jirani wa kushoto ni ukuta wa soko.

"Ukuta una afadhali," anasema Mama Sweta, kwa sauti ya kutosha kuvuka mabati.

"Nimesikia," anajibu fundi cherehani.

Jina la Mama Sweta amebandikwa na watoto wa shule, naye hakulikataa. Mwenyewe hana mtoto wa kuzaa. Aliyemlea ni mmoja tu, mdogo wake tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, ambaye nyumbani walikata jina wakabaki wanamwita Kitinda. Huu ni mwaka wa saba hajamtia machoni.

Wateja wengi hawalijui jambo hili. Wanachokijua ni kwamba masweta yake hayalegei shingo, kwamba akisema Alhamisi ni Alhamisi kweli, na kwamba akipita msichana mrefu mwembamba nje ya kibanda, Mama Sweta husimamisha mashine mpaka amwone uso.

"Nimeshajaribu kuacha," anasema. "Shingo inageuka yenyewe."

Kazi yake ina misimu kama mahindi. Shule zikikaribia kufunguliwa, anafuma mpaka vidole vinakataa kukunjika. Katikati ya muhula watu hawanunui masweta, na faida ya sweta moja likipatikana haivuki mkate na maziwa ya siku mbili. Miezi hiyo ndipo anaponunua masweta makuukuu, anayafumua, anaosha uzi, anauanika ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke, kisha anaufuma upya. Uzi mmoja ameshaufuma mara tatu, anasema, na kwa hesabu yake umeshasoma kuliko yeye.

Ufumaji aliurithi kwa mama yake, na mama yake aliupata kwa kuibia macho.

Walipanga chumba kimoja, mlango ukitazamana na wa jirani aliyejua kufuma. Mama hakuwa na pesa ya kufundishwa wala uso wa kuomba kufundishwa bure. Akawa anakaa mlangoni kwake jioni, sindano mbili za waya wa baiskeli mkononi, anamtazama mwenzake na kuiga. Tatizo ni kwamba alikuwa amemkabili. Kulia kwa jirani kulikuwa kushoto kwake, na sindano aliyodhani inaingia nyuma ya kitanzi ilikuwa inaingia mbele.

Kwa hiyo mama alijifunza kufuma, na akajifunza vibaya. Vitanzi vyake havikusimama wima kama vya watu. Vilipishana miguu, kama mtu aliyekaa amekunja nne.

"Yule jirani alipokuja kuona alicheka mpaka akashika ukuta," anasimulia Mama Sweta. "Akamwambia, mama fulani, umefuma kinyumenyume. Mama akajibu, mbona linavalika?"

Lilivalika kweli. Kitanzi kilichokunja nne hubana zaidi, na shingo ya sweta iliyofumwa hivyo hung'ang'ania masikio ya mtoto wakati wa kuvaa, lakini ikishapita haichakai upesi. Mama aliwapa mabinti zake wawili sindano kabla hawajajua kusoma, na akawapa na kosa lake lote, zima zima.

Mama Sweta aliwahi kuhudhuria mafunzo ya akina mama, akaonyeshwa namna iliyonyooka. Aliifuata wiki nzima. Aliporudi kibandani na kufikiria mambo mengine, mikono ikarudi kwa mama. Siku hizi mwili wa sweta anaupitisha kwenye mashine, ambayo haina mama, na shingo na mikono anaimalizia kwa sindano. Hapo ndipo vitanzi vinapokunja nne.

Mama alifariki Kitinda akiwa darasa la tano. Dada mtu alikuwa amekwisha kuacha shule, na hapo akawa dada, mama na mlipa karo katika mtu mmoja. Jioni walifuma pamoja kwenye benchi hili hili, mgongo kwa mgongo, kwa sababu benchi halina egemeo na wao waligundua kwamba mgongo wa mtu ni egemeo zuri.

"Alikuwa mwepesi kuliko mimi," anasema. "Mimi nikimaliza shingo moja, yeye yuko ya pili na anaimba. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Nikimwambia nyamaza, anaongeza sauti."

Anacheka, kisha kicheko kinamwishia njiani. Anageukia beseni na kukamua uzi ambao hauhitaji kukamuliwa.

Kitinda alifeli mtihani wa mwisho wa sekondari. Akarudia mwaka mzima, akafeli tena. Siku chache baadaye, Mama Sweta alikwenda kupeleka masweta shule moja ya mbali kidogo, na aliporudi alikuta kibanda kimefungwa na ufunguo uko kwa fundi cherehani. Mzee huyo anayakumbuka maneno aliyoachiwa kama vile aliambiwa jana.

"Alisema, mwambie dada asinitafute, nikishakuwa mtu nitarudi," anasema fundi cherehani, ambaye sasa ametoka kwake na kusimama mlangoni, tepe ya kupimia shingoni. "Nilidhani utani wa watoto. Nikamwambia sawa, nenda kawe mtu, uniletee na mimi soda."

Anatazama chini. Kwa maneno ya Mama Sweta, mzee yule hajawahi kujisamehe ile soda.

"Nikishakuwa mtu," Mama Sweta anarudia. "Sasa kwani alikuwa nini?"

Alimtafuta, bila shaka. Alikwenda kwa ndugu wote, hata wale ambao huonana nao msibani tu. Namba ya simu ilisema haipatikani, na bado anaipiga mara moja moja, hata baada ya kuanza kupokewa na mwanamume ambaye sasa wamezoeana na humjulia hali. Alifuata tetesi. Mtu alimwona Kitinda hotelini anahudumia, akaenda, si yeye. Mtu alimwona kwenye duka la dawa, akaenda, si yeye.

Siku moja, kwenye kituo cha mabasi, alimwona mwenyewe kwa mgongo. Urefu ule ule, namna ile ile ya kubeba begi bega moja. Akakimbia, akamkumbatia kwa nyuma, na yule dada akageuka akiwa na sura ambayo hakuwahi kuiona maishani.

"Hakunitukana," anasema. "Aliona nilivyolia, akaninunulia maji, akakaa na mimi mpaka basi lake likaanza kupiga honi. Nilimwombea dua njia nzima, na nusu ya dua ilikuwa kumuuliza Mungu kwa nini hakuwa Kitinda."

Alikwenda polisi pia. Askari wa zamu, kijana mpole, aliandika maelezo yake na mwishoni akamuuliza kama ana *clue* yoyote.

"Nikamwambia sina. Sikujua ni kitu gani, lakini nilikuwa nimeshazoea kwamba kila ninachoulizwa sina."

Mambo yalikaa hivyo hadi mwanzo wa muhula huu. Mama mmoja aliyehamia mjini hivi karibuni alileta sweta la bintiye lirefushwe mikono, kwani shule mpya inavaa rangi ile ile ya shule ya zamani na yeye hakuona sababu ya kununua jipya. Mama Sweta alilipokea, akaligeuza ndani nje kama anavyofanya siku zote, na kupitisha kidole shingoni.

Vitanzi vilikuwa vimekunja nne.

"Nilidhani ni langu," anasema. "Nikamuuliza, nilikufumia lini? Akasema hajawahi kufika hapa. Nikamwambia ngoja nikae, na nilikuwa nimekaa tayari."

Mteja alijaribu kukumbuka alivyoweza. Alilinunua katika mji aliotoka, safari ya siku nzima kwa basi, sokoni, nyuma ya safu ya wauza viatu. Kuna dada pale ana mashine moja ya mkono. Mwembamba? Mwembamba, ndiyo, lakini wembamba ni wengi. Anaimba? Labda redio ndiyo iliyokuwa inaimba. Anang'ata mdomo wa chini akihesabu vitanzi?

"Akaniambia, dada yangu, mimi sikumtazama mdomo, nilitazama sweta," anasema Mama Sweta. "Nikaona aibu. Nilikuwa nimemshika mkono mama wa watu kama mwizi."

Hakurefusha mikono ya sweta lile. Alimfumia binti yule jipya bila malipo, na akaomba abaki na la zamani. Mteja alikubali, ingawa alitoka akigeuka nyuma mara mbili.

Aliyemfafanulia neno la polisi ni mwalimu wa Kiingereza wa shule ya jirani, mteja wa miaka mingi, mtu anayependa maneno kama wengine wanavyopenda mpira. Alikuja kuchukua masweta ya wanafunzi, akasimuliwa habari ya shingo ile, akapiga goti lake kofi.

"Basi hiyo ndiyo *clue* yako," alimwambia.

Mama Sweta akamtaka aeleze, maana lilikuwa neno lililomkaa kooni miaka saba. Mwalimu akaeleza kwamba siku hizi maana yake ni dalili, kitu kidogo kinachokuonyesha pa kuelekea. Lakini zamani za kale, kabla Waingereza hawajalibadilisha kidogo tahajia, lilikuwa jina la bonge la uzi. Bonge hasa, kama lile alilokuwa nalo mkononi.

Mama Sweta hakuamini. Aliinua bonge, akamwonyesha.

"Hili?"

"Hilo hilo."

"Kumbe yule askari aliniuliza kama nina bonge la uzi," alisema Mama Sweta. "Na mimi nikasema sina. Ninalo gunia zima."

Walicheka wote watatu, fundi cherehani akiwa wa tatu kutoka upande wake wa mabati. Kisha mwalimu akasimulia neno lilikotoka. Kuna hadithi ya kale ya Wagiriki, kijana anaingia kwenye jengo lenye njia nyingi zinazopoteza watu ili kuua dude linalokula watu. Wote walioingia kabla yake hawakutoka. Msichana mmoja anampa bonge la uzi, anafunga ncha mlangoni na kubaki hapo, na kijana anaufungua uzi akienda. Akishaua dude, anaukunja akirudi, unamtoa nje. Watu waliosimulia hadithi hiyo kwa Kiingereza wakaanza kuita kila kinachomwongoza mtu kwa jina la lile bonge, na taratibu uzi wenyewe ukasahauliwa.

Mama Sweta alisikiliza mpaka mwisho. Mwalimu anasema alitarajia swali kuhusu dude, kwani wanafunzi wake wote huuliza dude lilikuwa na meno mangapi.

"Akaniuliza, huyo msichana aliyebaki mlangoni, alikaa muda gani?" anasimulia mwalimu. "Nimefundisha miaka ishirini sijaulizwa. Nilimwambia ukweli, hadithi haisemi. Inamfuata kijana tu."

Mama Sweta ana maoni yake kuhusu hadithi zinazomfuata kijana tu.

"Aliye ndani anajua yuko wapi na dude liko wapi," anasema. "Aliye mlangoni hajui kitu. Uzi ukilegea anasema amekufa, ukikaza anasema anarudi. Na hawezi kuondoka hata kwenda kuteka maji. Mwalimu aniandikie hadithi ya huyo, nitainunua."

Tangu siku ile, neno limehamia kibandani. Fundi cherehani akikosa mkasi anauliza nani ana bonge la uzi la kumwonyesha ulipo. Ni utani, na Mama Sweta anauruhusu, lakini mtu akikaa naye asubuhi nzima ataona kwamba haucheki sana.

Maana sweta la shingo ile lililetwa muhula ulipoanza, na sasa muhula unakaribia kwisha. Mji ule una basi kila siku. Hajakwenda.

Mwanzoni alisema ni kazi. Kisha akasema ni nauli. Fundi cherehani akajitolea nauli, na hapo visingizio vikaisha.

"Ninaogopa," anasema sasa, na analisema wazi, mikono imelala mapajani. "Nikifika nikakuta si yeye, nitarudi na nini? Hapa nilipo, asubuhi naamka nikijua kuna mtu mahali fulani anafuma kama mama. Hiyo imenilisha muhula mzima. Nikienda naweza kuimaliza kwa siku moja."

Fundi cherehani hakumficha mashaka yake. Alimwambia dunia ni kubwa na makosa hayana hatimiliki, anaweza kuwapo mwanamke mwingine aliyejifunza akimkabili jirani. Mama Sweta alikwisha kuliwaza hilo kabla yake. Anakubali kwamba linawezekana. Anasema pia kwamba, akilikubali, huhisi mtu amemnyang'anya mama mara ya pili.

Na kuna hofu ya tatu, ambayo huisema kwa sauti ya chini zaidi. Kitinda alisema atarudi akishakuwa mtu. Hajarudi. Kama amekaa nyuma ya safu ya viatu na mashine moja ya mkono, huenda yeye mwenyewe anahesabu kwamba bado. Atajisikiaje kukutwa?

"Ana kibanda," anasema Mama Sweta, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti inampanda. "Ana mashine. Wateja wanatoka na masweta yasiyolegea shingo. Ni nini tena? Kama huyo si mtu, basi na mimi si mtu, na mama hakuwa mtu."



Amekwisha kuamua. Shule zinafungwa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi atapanda basi. Fundi cherehani atashika ufunguo, jukumu ambalo amelipokea kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake. Mteja aliyeleta sweta amemchorea njia kwa kidole hewani mara nyingi, toka kituoni mpaka safu ya viatu, na Mama Sweta sasa anaweza kuitaja akiwa amefumba macho. Hajachukua zawadi. Alifikiria kumfumia kitu, akakosa vipimo. Mtu hubadilika katika miaka saba.

Kama siye, atamsalimu dada huyo, atanunua sweta moja, atamuuliza nani alimfundisha, na atarudi. Hilo amelipanga. Na kama ndiye, anapoulizwa neno la kwanza litakuwa lipi, anakunja upya sweta lililokwisha kukunjwa, hata mteja mmoja anachungulia ndani, anaona nyuso, na kusema atapita baadaye.

"Nitamgombeza," anasema hatimaye.

Anasugua viganja, kimoja juu ya kingine, kama anayetafuta uzi usiokuwepo.

"Matokeo ya kwanza yalipotoka nilimwambia si kitu. Ya pili nikamwambia si kitu. Nikamwekea chai ya sukari nyingi, nikawa naongea naye polepole, kama mtu aliyekuja nyumbani kutoa pole. Wiki ile alivunja sahani ya mama, ile ya maua, iliyobaki peke yake. Sikusema neno. Nilidhani ninamhurumia. Mgeni ndiye asiyegombezwa. Mtoto wa nyumbani anagombezwa, ananuna, anakula, kesho yake mnacheka. Mimi nilimfanya mgeni kwenye nyumba ya mama yake, naye akafanya kama mgeni."

Kwa hiyo atamgombeza. Ataanzia pale pale sokoni, mbele ya wauza viatu, na watakaotaka kutoka kutazama watoke. Atamgombeza kwa kuondoka, kwa kukonda, kwa namba ya simu, kwa kumwachia mzee wa watu ujumbe kana kwamba dada hana masikio. Atamgombeza kwa sahani.

"Atanuna," anasema. "Lazima anune, hajabadilika kiasi hicho. Akinuna, mimi nitakaa kwenye benchi lake. Kununa kwake nakujua, hakufiki jioni."